Sala Isiyo na Hekalu: Majina ya Watu kama Kumbukumbu ya Maombi Binafsi nchini Rwanda na Burundi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza sala ya mtu binafsi kwa Imana, Mungu Muumba katika imani ya Wanyarwanda na Warundi, sala ambayo haikuwa na kuhani, hekalu wala kalenda. Yanadai kwamba majina ya watu ni miongoni mwa kumbukumbu bora za sala hiyo, na kwamba baadhi ya majina hayo yanaweza kupangwa kwa vipindi vya kihistoria. Mwishoni yanatoa mapendekezo matatu kwa watunza nyaraka na washauri wa sera.

1. Utangulizi

Historia ya dini katika eneo la Maziwa Makuu imeandikwa zaidi kwa kufuata taasisi. Kwa upande wa Rwanda, matukio makuu yanafahamika: kuanzishwa kwa misheni ya Save mwaka 1900, kuondolewa madarakani kwa Mwami Musinga mwaka 1931, kubatizwa kwa mwanawe Rudahigwa mwaka 1943, na nchi kuwekwa wakfu kwa Kristo Mfalme mwaka 1946. Matukio hayo yaliacha barua, ripoti na picha. Mama aliyemwomba Mungu mtoto usiku, ndani ya nyumba yake, hakuacha waraka wowote. Swali la makala haya ni namna mwanahistoria anavyoweza kumfikia mama huyo bila kumwekea maneno kinywani.

2. Ibada zenye wenyewe na sala isiyo na mwenyewe

Ni kosa kudhani kwamba kabla ya wamisionari dini yote ilikuwa jambo la faragha. Ibada ya kubandwa, iliyomhusu Ryangombe nchini Rwanda na Kiranga nchini Burundi, ilikuwa na taratibu za kuingizwa, vyeo na wahudumu. Guterekera, yaani kuwatolea mizimu ya ukoo sadaka, kulifanywa nyumbani, lakini kulifuata kanuni zinazojulikana. Ufalme nao ulikuwa na wataalamu wake wa mila.

Imana alisimama kando ya mipango hiyo. J. J. Maquet, katika sura aliyoandika kuhusu ufalme wa Rwanda (1954), alieleza kwamba Imana hakuwa na ibada rasmi. Pamoja na hayo, alitajwa kila siku. Mwanamke mwenye umri wa kuzaa alihakikisha kwamba maji yamo nyumbani kabla ya kulala, ili Imana apate ya kufinyangia mtoto tumboni, kama mfinyanzi anavyotumia maji na udongo. Hapakuwa na mganga wa kulipwa wala shahidi wa kuthibitisha. Watu walipoagana waliambiana Gira Imana, yaani uwe na Mungu.

Lugha ya sala hiyo ilitoka katika maisha ya kawaida. Kitenzi gusaba, chenye maana ya kuomba, ndicho kitumikacho mtu anapoposa mke, na ndicho kilichotumika alipomwomba ng'ombe mtu mwenye uwezo. Aliyemwomba Imana hakuhitaji kufundishwa msamiati mpya. Alilipeleka kwake neno lile lile alilokwisha kulizoea katika mahusiano na jirani, mkwe na bwana wake.

3. Kilichofutwa na kilichosalia

Tofauti kati ya ibada yenye ofisi na sala isiyo na ofisi ilidhihirika wakati wa ukoloni. Mwaka 1925 utawala wa Kibelgiji ulimpeleka Gashamura, mkuu wa mila za kifalme, uhamishoni Burundi, na sherehe ya mavuno ya Umuganuro ikasitishwa katika sura yake ya kifalme. Kumwondoa mtu mmoja kulitosha kuvunja mfumo, kwa kuwa mfumo wenyewe ulimtegemea. Kubandwa nako kulipigwa vita na wamisionari, na waongofu walitakiwa kuiacha.

Sala kwa Imana haikuwa na Gashamura wake. Hapakuwa na mtu wa kuhamishwa, ngoma ya kunyang'anywa wala siku ya kufutwa. Udhaifu wake machoni pa waandishi wa ripoti, yaani kukosa taasisi, ndio uliokuwa kinga yake.

4. Jina kama sentensi ya sala

Kwa desturi ya Rwanda na Burundi, mtoto hakurithi jina la baba yake. Kila mtoto alipewa jina lake mwenyewe, na mara nyingi jina hilo lilikuwa sentensi kamili. Nsabimana maana yake ni namwomba Mungu. Hakizimana maana yake ni anayeponya ni Mungu. Bizimana maana yake ni anayeyajua ni Mungu. Katika jina la kwanza nafsi inayosema ni ya mzazi. Mtoto hubeba maisha yake yote ombi ambalo yeye hakulitamka.

Kundi jingine la majina halimtaji Mungu waziwazi. Katika Kinyarwanda na Kirundi neno Imana huchukua upatanisho unaolingana na ngeli ya I-ZI ya Kiswahili. Ndayisenga ni ninaisali, Tuyisenge ni na tuisali, na Niyonzima ni ndiyo iliyo hai. Anayeombwa amefichwa ndani ya kiambishi kimoja, -yi- au -yo-, na msikilizaji hana haja ya kuuliza ni nani. Ufupisho wa namna hiyo huwezekana pale tu ambapo jambo limeshazoeleka katika mazungumzo ya watu wote.

Yafaa kusisitiza kwamba majina hayo hayakuwa mali ya kundi moja. Kitambulisho kilichoanzishwa na utawala wa Kibelgiji katika miaka ya 1930 kiliwagawa Wahutu, Watutsi na Watwa, lakini jina lililoandikwa juu yake mara nyingi halikuonyesha mgawanyiko huo.

5. Kuyapanga majina kwa vipindi

Pingamizi la kwanza ni la tarehe. Majina yenye Imana yaliongezeka katika zama za Ukristo, hivyo mtu anaweza kusema kwamba yanaonyesha mafundisho ya kanisa tu. Njia mbili zinasaidia kutenganisha matabaka.

Njia ya kwanza ni rejista za ubatizo. Mtu mzima aliyebatizwa katika miaka ya mwanzo ya misheni alikuwa amepewa jina lake la kuzaliwa kabla ya mmisionari kufika. Jina lenye Imana katika mstari wake, na katika majina ya wazazi wake wasiobatizwa, ni ushahidi wa tabaka la kale. Kwa hiyo rejista iliyoandikwa ili kuthibitisha uongofu huhifadhi pia, bila kukusudia, sala ambayo kanisa halikuifundisha.

Njia ya pili inatokana na Kiswahili chenyewe. Wamisionari wa Kikatoliki nchini Rwanda walisita kulitumia neno Imana, wakaingiza neno la Kiswahili, Mungu, lililotumika kanisani kwa miongo kadhaa, ilhali Waprotestanti walitumia Imana. Kipindi hicho kiliacha alama katika majina: kando ya Bizimana tunalo Bizimungu, jina linalofahamika kupitia Pasteur Bizimungu, Rais wa Rwanda kuanzia 1994 hadi 2000. Muundo ni wa kale, neno ni geni. Kanisa lilifaulu kubadili jina la Mungu, lakini mzazi aliendelea kusali kwa sarufi yake mwenyewe.

6. Tahadhari

Okot p'Bitek alionya mwaka 1970 kwamba wataalamu wengi waliivika miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki na ya Kikristo. Onyo hilo lina uzito hapa. Neno imana lilitumika pia kwa bahati njema na kwa matokeo mazuri ya ramli. Aliyemwita mwanawe Nsabimana huenda aliomba heri bila kuwa na fundisho lolote kuhusu nafsi ya Muumba. Aidha, majina mengi hayakuwa sala hata kidogo: yalizungumzia chuki ya majirani, umaskini au kifo. Dai letu ni dogo kuliko lile la kuthibitisha theolojia ya Imana. Tunadai kwamba palikuwa na tendo la kuomba, lililofanywa na watu wa kawaida kwa maneno yao wenyewe.

7. Umuhimu kwa sera

Dodoso la sensa humuuliza mtu ni wa dini au dhehebu gani. Sheria, kama ile ya Rwanda ya mwaka 2018 kuhusu mashirika ya kidini, husimamia mashirika. Zote mbili ni halali kwa lengo lake, lakini hazimwoni mtu anayesali bila kuwa mwanachama popote. Mshauri anayesoma takwimu hizo kama kipimo cha imani atawahesabu watu hao kuwa hawana kitu.

Kwa hiyo tunapendekeza, kwanza, rejista za zamani za parokia zihifadhiwe kidijitali zikiwa na majina kamili, pamoja na ya wazazi, kwa kulinda faragha ya walio hai. Pili, tafiti za kijamii zitenganishe swali la uanachama na swali la desturi ya kusali. Tatu, mifumo ya usajili isiwalazimishe wazazi kumpa mtoto jina la baba kuwa jina la ukoo, kwa kuwa kila jina linalorithishwa kwa shuruti ya fomu huziba nafasi ya sentensi mpya.

8. Hitimisho

Kila mwezi wa Aprili, katika kumbukumbu za mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi, majina ya waliouawa husomwa kwa sauti. Mengi kati yake ni maombi na shukrani za wazazi walipojaliwa watoto. Anayeyasoma anatoa ushahidi wa namna mbili: kwamba watu hawa waliishi, na kwamba siku walipozaliwa kuna mtu aliyewaombea. Mwanahistoria wa dini hana budi kuusikiliza ushahidi huo wa pili kwa makini yale yale anayoyapa barua za maaskofu na amri za magavana.