Ufa Usiozibwa: Historia Fupi ya Beringi za Injini

Tangu nistaafu kazi ya ufundi nimekuwa nikifunga injini za gari uani kwangu, na watu huniuliza kwa nini napoteza asubuhi nzima kwa kupima tu, hali spana zipo tayari. Jibu limo katika historia.

Krenki huzunguka ndani ya beringi, na baina yao hapana budi pawepo uwazi mdogo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huu ukizibwa, injini hufa.

Mwaka 1839 Isaac Babbitt wa Marekani alipewa hataza ya beringi iliyotandikwa metali laini ya bati, antimoni na shaba. Metali hiyo ilimiminwa ikiwa moto, kisha fundi akaikwangua kwa mkono. Alipaka krenki rangi, akaizungusha, akatazama rangi iliposhika, akakwangua tena. Hata Ford Model T, iliyoundwa kuanzia 1908 hadi 1927, ilikuwa na beringi za metali hiyo. Zilipolegea, fundi alipunguza vibati vyembamba chini ya kifuniko, au akakipiga tupa, akakaza upya. Kipimo chake kilikuwa mkono wake.

Sayansi, hata hivyo, ilikwisha kutangulia. Mwaka 1883 Mwingereza Beauchamp Tower alitoa taarifa ya majaribio yake juu ya beringi za ekseli za treni. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atie mafuta; badala ya kushuka, mafuta yakapanda. Akaziba kwa kigingi cha mti, nacho kikasukumwa nje. Alipofunga geji, ilionyesha zaidi ya ratili 200 kwa kila inchi ya mraba! Mwaka 1886 Osborne Reynolds, profesa wa Manchester, akaeleza sababu kwa hesabu: ekseli inapozunguka huyavuta mafuta hadi mahali pembamba, nayo huibeba, vyuma visigusane. Basi uwazi ule si ulegevu, bali ni makao ya mafuta.

Chombo cha kuupimia kilikuwapo pia. Mfaransa Jean Laurent Palmer alipata hataza ya maikromita ya mkono mwaka 1848, na Wamarekani wa Brown & Sharpe waliiona katika maonyesho ya Paris ya 1867, wakaenda kuiunda kwao. Baadaye zilipoenea beringi nyembamba za kubadilisha, zinazotoka kiwandani zikiwa tayari, kukwangua kukaisha. Kazi iliyobaki kwa fundi ni kupima.

Nami hupima hivi. Krenki huipima pande mbili, maana huliwa ikawa yai. Kisha hufunga beringi na kifuniko, nikakaza kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni, nikapima tundu, nikatoa. Krenki ya milimita 50 huhitaji uwazi wa kama milimita 0.05, wembamba kuliko nywele nyingi. Lakini mwamuzi ni kitabu cha injini yenyewe. Asiye na maikromita huweka uzi laini wa plastiki juu ya krenki kavu, hukaza kifuniko bila kuzungusha, hufungua, akalinganisha upana wa uzi uliobanwa na kipimo kilichochapwa kwenye pakiti yake. Uwazi ukiwa mdogo mno, mafuta hayapiti, chuma huchemka na kukwama. Ukiwa mkubwa mno, mafuta humwagika, presha hushuka, injini hunoki.

Jirani yangu, dereva wa teksi, alifungiwa injini katika gereji moja kwa siku moja, bila kupimwa. Mwezi haukuisha, ikanoki, krenki ikachubuka. Karo ya wanawe muhula ule ililipwa kwa mkopo.

Vijana, mkiona desimali ubaoni msiulize zitawafaa nini. Mwombeni mwalimu wa fizikia maikromita, mpime unywele mmoja. Kisha piteni gereji yoyote iliyo jirani, mtazame ni mafundi wangapi wanayo.