Raia wa nani?

Raia ni neno la Kiarabu; asili yake ni kundi la mifugo lenye mchungaji wake. Katika Unguja ya 1860, neno hili liliamua nani awe huru. Konsuli wa Uingereza, Christopher Rigby, alishikilia kuwa Mhindi aliye raia wa Uingereza haruhusiwi kumiliki mtumwa. Akawalazimisha Wahindi kuwaacha huru watumwa kwa maelfu, bila fidia, na walioachwa huru wakapewa hati.

Rigby alipoondoka, Wahindi waliotoka Kutch, nchi yenye mtawala wake chini ya himaya ya Waingereza, wakaruhusiwa kujiandikisha kuwa raia wa Sayyid Majid, mtawala wa Unguja. Kwa Sayyid, utumwa ulikuwa halali. Yaani mtu alibadili mchungaji ili abaki na watumwa wake! Linaniuma zaidi hili: watumwa waliokuwa wakichuma karafuu hawakuulizwa wao ni raia wa nani.

Mwanya huo ulizibwa na mkataba wa 1873, uliotiwa saini na Sayyid Barghash, aliyemrithi Majid: ulifunga masoko ya watumwa, na ukawataja waziwazi wenyeji wa nchi za India zilizokuwa chini ya himaya ya Waingereza, kwamba nao wasimiliki mtumwa.