Pango la Baharia, Kitanda cha Tajiri

Hebu tuanze na mlango. Katika kijiji cha Oia, kisiwani Santorini nchini Ugiriki (wenyeji hutamka "Ia" tu), nyumba ya mtu maskini wa zamani utaijua kwa uso wake: mlango katikati, dirisha kushoto, dirisha kulia, na kidirisha kingine juu ya mlango. Nyuma ya uso huo kuna shimo. Limechimbwa ndani ya genge la majivu ya volkano, jembamba na refu, dari limepindwa kama tumbo la chombo kilichofudikizwa. Hata ukuta wa kugawa vyumba una dirisha, ili kamwanga kafike kule nyuma walikolala watoto.

Mimi nimelala kule nyuma siku mbili. Si kwa njuluku zangu, bwana wee, ningezitoa wapi? Shemeji yangu afanyaye kazi Ulaya ndiye aliyelipa, na kwa usiku mmoja alilipa kodi ya chumba changu ya miezi saba. Kuta nyeupe, mashuka ya kitani, kidimbwi cha maji moto kwenye kibaraza kinachotazama bahari. Na getini kibao: watu wazima tu. Msifikirie mabaya! Maana yake ni kwamba watoto hawapokelewi, ati ngazi ni kali, na wageni wanataka kimya. Nikajiuliza: watoto wa mabaharia walizikweaje ngazi hizo hizo?

"Shemeji, lala," akaniambia yule bwana. "Historia haikimbii."

Lakini historia ya pale imekimbia kweli kweli. Miaka ipatayo 3,600 iliyopita volkano ililipuka, katikati ya kisiwa pakazama baharini, na kilichobaki kikafunikwa na majivu na mawe mepesi yenye matundu, kama lile la kusugulia visigino. Kisiwa hakina miti ya kutosha kujengea. Mwenye pesa alijenga kwa mawe. Asiye nacho alishika sululu akachimba. Pango halikuhitaji boriti wala vigae, na lilikuwa na baridi wakati wa joto na joto wakati wa baridi. Pale Oia ilionekana wazi nani ni nani: manahodha, waliotajirika kwa kupeleka mvinyo hadi Urusi, walikaa juu kileleni katika majumba yenye ghorofa, na mabaharia wao wakakaa chini, ubavuni mwa genge.

Sasa sikilizeni jambo lililoninyima usingizi. Majivu yale yakichanganywa na chokaa hutoa saruji inayoshika hata ndani ya maji. Katika miaka ya 1860, Wafaransa walipokuwa wakichimba Mfereji wa Suez, walichukua shehena kwa shehena za udongo wa Santorini wakajengee bandari ya Port Said. Wachimbaji wakagonga kuta za watu wa kale chini ya majivu, ndivyo ulimwengu ulivyoanza kushtuka kwamba pale paliwahi kuwa na mji kabla ya mlipuko. Mfereji ukafunguliwa tarehe 17 Novemba 1869. Uliifaa meli ya moshi kuliko ya tanga, maana Bahari ya Shamu na pepo zake si mahali pa kuchezea na matanga. Mwaka 1872 meli za barua za kampuni ya British India zikaanza kufika Unguja kutoka Aden, na majahazi yetu yakapata mshindani asiyengoja kaskazi wala kusi. Huko Santorini nako manahodha wa Oia wakaona matanga yao yakipoteza kazi, mwaka baada ya mwaka. Udongo wao wenyewe, jamani!

Kilichobaki kilimaliziwa na ardhi. Alfajiri ya tarehe 9 Julai 1956 tetemeko kubwa liliangusha nyumba kisiwa kizima, likaua watu zaidi ya 50. Wengi walihama, wengine Athens, wengine ng'ambo. Mapango yakabaki wazi, yakaota magugu.

Kuanzia mwaka 1975 shirika la utalii la serikali ya Ugiriki lilianza kukarabati nyumba za kale katika vijiji kadhaa vya nchi hiyo, Oia kikiwamo, likazifanya za kulaza wageni na baada ya miaka kadhaa kuzirudisha kwa wenyewe. Mimi siwezi kuulaumu mpango ule. Bila huo pengine kuta zile zingekuwa vifusi. Ila wenye mitaji walijifunza upesi. Pango ambalo lilikuwa aibu ya kuzaliwa nalo likawa ndilo chumba ghali, na jumba la nahodha likabaki na ngazi nyingi na mandhari ile ile.

Mama aliyetutandikia kitanda anakaa upande wa pili wa kisiwa, huja kwa basi. Kwa Kiingereza chetu cha kuombana aliniambia kwamba palipo na bafu letu ndipo nyumba nyingi ziliweka mapipa ya mvinyo. Bibi yake alilea watoto sita katika pango kama lile. Sita! Nikahesabu hatua kutoka mlangoni hadi ukuta wa mwisho: kumi na nne.

Leo kisiwa kina wakazi wasiofika 20,000, na wageni wanaohesabiwa kwa mamilioni kila mwaka. Magazeti ya Ugiriki yameandika mara nyingi kuhusu walimu na madaktari wanaopangiwa kazi visiwani wakakosa vyumba vya kupanga, kwa sababu kila tundu lenye mlango limekuwa la watalii. Februari 2025 ardhi ilipoanza tena kutikisika mfululizo, shule zilifungwa, na maelfu ya watu waliondoka kwa meli na ndege. Walioonekana kwenye foleni za bandarini ni wafanyakazi na familia zenye watoto, kwa kuwa ulikuwa msimu wa baridi, na hoteli nyingi zilikuwa zimefungwa zikingoja kiangazi.