Kiwanda Kilicho Kenya na Kisicho Kenya

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa, ukapita Mlolongo, kisha ukakata kuelekea Kitengela, utasikia kondakta akipiga kelele "EPZ!" hata kabla gari halijasimama. Kila asubuhi watu hushuka hapo na kukimbilia lango. Ukiangalia kwa macho hakuna maajabu: uzio, walinzi, majengo marefu ya mabati. Lakini kisheria lango lile ni mpaka. Kitambaa kikiingia pale, kwa upande wa forodha ni kama hakijafika Kenya. Nguo ikitoka pale kwenda kuuzwa Nairobi hutozwa ushuru kama iliyotoka ng'ambo.

Sasa, eneo lililo katikati ya nchi linawezaje kuhesabiwa kuwa nje ya nchi? Kwa karatasi tu. Niliwahi kufanya kibarua cha ukarani kwa mawakili fulani mjini, nikipanga mafaili, na hapo ndipo nilipoona jinsi kiwanda kinavyoomba hadhi hii. Kwanza inasajiliwa kampuni mpya hapa Kenya, yenye kazi hiyo pekee. Inaandikwa mipango: mtaji ni kiasi gani, mashine zipi, soko liko wapi, wafanyakazi wangapi. Ombi linapelekwa kwa mamlaka ya EPZ. Ardhi yenyewe lazima iwe imetangazwa na waziri katika gazeti rasmi la serikali kuwa eneo la aina hiyo, hata kama ni kiwanda kimoja tu kimesimama peke yake. Leseni ikitoka, watu wa forodha ndio wanaosimamia kinachoingia na kinachotoka.

Na zawadi yake si ndogo. Miaka 10 bila kodi ya mapato ya kampuni, halafu asilimia 25 kwa miaka 10 inayofuata. Hakuna ushuru wa forodha kwa mashine na malighafi, wala VAT. Ili kupata hayo yote, kiwanda kinatakiwa kuuza nje ya Afrika Mashariki. Ndiyo maana kila roli ya kitambaa inahesabiwa. Ikipotea moja, serikali itauliza: imeingia Kenya bila kulipiwa?

Wazo lenyewe ni la zamani. Hapa pwani yetu, Zanzibar ilitangazwa kuwa bandari huru mwaka 1892. Marekani ilipandisha ushuru sana mwaka 1930, biashara yake na dunia ikazidi kudorora, na mwaka 1934, wakati wa Roosevelt, Bunge likapitisha sheria ya maeneo ya biashara ya nje. La kwanza lilifunguliwa Staten Island, New York, mwaka 1937. Mwanzoni mzigo uliruhusiwa kuwekwa, kupangwa na kusafirishwa tena, lakini kutengeneza bidhaa kulikatazwa. Mpaka 1950 ndipo sheria ikabadilishwa ili viwanda viruhusiwe, na baadaye kiwanda kikaweza kuombewa hadhi hiyo palepale kilipojengwa, bila kuhamia bandarini.

Kisha ikaja Shannon, Ireland. Ndege za jeti zilikuwa zinaanza kuvuka Atlantiki bila kutua pale kuongeza mafuta, na eneo lililotegemea uwanja wa ndege likaogopa kufa. Mwaka 1959 wakaanzisha eneo la viwanda visivyotozwa ushuru kando ya uwanja. Mauritius, nchi ya miwa, ikatunga sheria yake mwaka 1970. Sisi tulifika mwaka 1990, na Sheria ya Maeneo ya EPZ.

Tulifika tukiwa na madeni. Kwa miaka mingi viwanda vya nguo kama Rivatex ya Eldoret na KICOMI ya Kisumu vilikuwa vimekingwa na ushuru mkubwa kwa nguo za nje. Benki ya Dunia na IMF zilipotaka masoko yafunguliwe, kinga hiyo ikaondolewa. Katika muongo huohuo mambo mawili yalitokea kwa pamoja: mitumba ilijaa Gikomba, na uzio ukajengwa Athi River. Mwaka 1998 Rivatex iliwekwa chini ya mrasimu. Kiwanda kilichonunua pamba ya mkulima wetu na kumshonea Mkenya kilikuwa kinazama, huku kile cha kumshonea mtu wa mbali kikisamehewa kodi.

Halafu Mei 2000 Clinton akatia sahihi AGOA. Nguo zilizoshonwa Kenya zingeingia Marekani bila ushuru, hata kama kitambaa kimetoka China au India. Ruhusa hiyo ya kitambaa cha wengine ndiyo iliyofanya wawekezaji waje mbio. Kazi zilipatikana kwa maelfu, wengi wao wanawake. Mkulima wa pamba, yeye aliachwa akitazama.

Shangazi yangu alikuwa mmoja wa walioajiriwa. Alifika Athi River 2001, akakodi chumba na wenzake wawili, akawekwa kwenye mstari wa kushona mifuko ya suruali. Mkataba ulikuwa wa mwezi kwa mwezi, mwaka baada ya mwaka. Usipofikisha idadi ya siku, huondoki, na saa hizo hazilipwi. Nilipomuuliza kwa nini hawakulalamika, alisema: "Msimamizi alikuwa anatuambia hapa si Kenya, hapa ni EPZ. Na sisi tuliamini, maana hata afisa wa leba sikuwahi kumwona."

Hayo maneno ya msimamizi yalikuwa uongo, lakini uongo uliokopa lugha ya sheria. Sheria ya 1990 ilisamehe ushuru na kodi. Haikufuta haki ya mfanyakazi ya kulipwa ovataimu wala ya kujiunga na chama.

Mwaka 2003 uongo huo ulipingwa barabarani. NARC ilikuwa imeshinda uchaguzi Desemba, nchi nzima ikiwa na matumaini, na Januari migomo ikalipuka katika viwanda vya EPZ, Nairobi, Athi River na Mombasa. Shangazi alitoka na wenzake. Kwangu mimi ile migomo ilikuwa somo la katiba lililotolewa na washonaji: uzio ni wa kitambaa, sisi ni raia. Wengine walifutwa kazi kwa sababu ya somo hilo, naye shangazi akiwemo.

Ushindi haukuja wote. Januari 2005 mfumo wa dunia wa kugawana soko la nguo ulikwisha, China ikawa mshindani mkali zaidi, na baadhi ya viwanda vyetu vikafungwa. Lakini 2007 sheria za kazi ziliandikwa upya, na Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini. Hakuna mstari unaosema "isipokuwa ndani ya lango."

Nayaandika haya kwa sababu hadithi inaendelea. Mwaka 2015 tulipata sheria nyingine, ya maeneo maalum ya kiuchumi, na AGOA ikasogezwa hadi Septemba 2025. Kila tarehe kama hiyo ikikaribia, familia za Athi River na Kitengela hungoja uamuzi wa Washington kuhusu mshahara wao.

Basi kesho ukisikia kiwanda kinaombewa hadhi kama hii katika kaunti yako, usishangilie haraka, na usikatae haraka. Kazi ni kazi, shangazi mwenyewe angekuambia. Kwa mshahara ule alimsomesha binamu yangu hadi kidato cha nne. Ila kumbuka kwamba kodi inayosamehewa ni yako. Kwenye yale mafaili niliyopanga, mashine zilielezwa kurasa nzima. Wafanyakazi walikuwa namba moja ndani ya kisanduku. Uliza wataajiriwa kwa mkataba gani, watalipwa nini, na nani ataruhusiwa kuingia kukagua.