Chuo Kikuu cha Nairobi: Mafunzo, utafiti na huduma kwa umma

Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mwaka wa 1956 kikiwa chuo cha ufundi, kikawa chuo kikuu kamili mwaka wa 1970. Hufunza taaluma nyingi, kuanzia sheria na uhandisi hadi tiba ya mifugo katika bewa la Kabete.

Mwaka wa 1974, idara ya fasihi ilianza kuzungusha michezo ya kuigiza mashinani, bila malipo.

Katika utafiti, wanasayansi wake na wenzao wa Manitoba, Canada, walianza mwaka wa 1985 kufuatilia afya ya makahaba wa Majengo. Baadhi yao hawakuambukizwa virusi vya Ukimwi, ijapokuwa walikabiliwa navyo mara kwa mara. Jambo hilo lilichochea majaribio ya chanjo jijini mwaka wa 2001. Chanjo yenyewe ingali inasakwa.