Mshelisheli wa Uwani kwa Bibi

Futari ya visiwani bila shelisheli la nazi huwa ina pengo. Lakini wangapi kati yetu tumejiuliza lilifikaje uwani kwa bibi?

Jina linatupa fununu: ndilo hilo hilo la majirani zetu wa visiwa vya Shelisheli. Asili yake ni mbali zaidi, huko Pasifiki. Na shelisheli tunalolipika halina mbegu, kwa hiyo kila uuonapo mti huu, ujue kuna mtu aliyeubeba.

Si wote waliobeba kwa wema. Wenye mashamba ya miwa ya Karibi walitaka chakula rahisi cha kuwalisha watumwa, Uingereza ikamtuma nahodha William Bligh kwenda Tahiti. Aprili 1789 mabaharia wa merikebu yake, Bounty, walimwasi, wakamwacha baharini ndani ya mashua, na miche zaidi ya 1,000 wakaitupa. Akarudi tena na merikebu Providence, na mwaka 1793 miche ikafika St Vincent na Jamaica. Maji yalipopungua njiani, miche ilinyweshwa kwanza. Matthew Flinders, kijana aliyekuwamo, alieleza baadaye walivyoramba matone yaliyodondoka kwenye ndoo. Watumwa wenyewe mwanzoni hawakulipenda. Tunawaelewa! Leo Jamaica wanalichoma motoni na kulila kwa raha.

Sisi tulijifunza thamani yake pale kiwanja cha bibi kilipogawiwa na mti ukatakiwa kukatwa kupisha msingi wa nyumba. Hakuna kokwa ya kuokota. Shangazi akaomba apewe miezi michache. Akafukua mizizi ya juujuu, akaikwaruza kwa kisu, akaifunika udongo. Machipukizi yakachomoza. Yalipofika urefu wa shibiri akayakata pamoja na vipande vya mizizi, akayatia kwenye mifuko ya mchanga na samadi, kivulini, maji kila siku. Manne, mawili yakashika.

Ukiupanda, uweke mbali na ukuta na karo, mizizi yake haina adabu. Tandaza majani chini, maji yasituame. Hesabu miaka 3 hadi 6 kabla ya kuzaa.

Mmoja uko kwetu, umetupita kimo. Wa pili dada aliuvusha Pemba kwa boti, ameupakata mapajani njia nzima.