Watoto Washika Brashi: Asili ya Michoro ya Pamoja ya Amani

Wahenga walisema kuwa wapiganapo ndovu wawili, ziumiazo ni nyika. Vita vya karne ya 20 viliithibitisha methali hii kwa namna ambayo wahenga wenyewe hawakuidhania, maana ndege ziliufikisha moto wa vita hadi sokoni, shuleni na kitandani mwa mtoto mchanga. Katika karne hiyo hiyo ilizuka desturi ya watoto wa mataifa mbalimbali kukusanyika na kuchora pamoja picha kubwa kwa ajili ya amani. Insha hii yakusudia kueleza asili ya desturi hiyo, kisha kuuliza kama ina faida ya kweli, au ni pambo la sherehe tu.

Habari yaanzia Hispania. Siku ya Jumatatu, tarehe 26 Aprili 1937, mji mdogo wa Guernica, ambao Wabasque waliuheshimu kuwa alama ya uhuru wao wa jadi, ulishambuliwa kutoka angani. Hispania ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na walioushambulia mji huo walikuwa wanahewa wa kikosi cha Kijerumani kilichoitwa Condor, wakisaidiwa na ndege za Italia, wote wakimuunga mkono Jenerali Franco. Kwa muda wa saa tatu na zaidi mabomu ya kubomoa na ya kuchoma yaliuangukia mji. Idadi ya waliokufa imebishaniwa tangu siku hiyo, lakini hakuna ubishi kuwa sehemu kubwa ya mji iliteketea, na kuwa wengi wa waliouawa walikuwa raia. Juu ya msiba huo ukaongezwa uongo: upande wa Franco ulitangaza kuwa Wabasque wameuchoma mji wao wenyewe.

Wakati huo Pablo Picasso, mchoraji Mhispania, alikuwa akiishi Paris. Serikali ya Jamhuri ya Hispania ilikuwa imekwisha kumwomba achore picha kubwa kwa ajili ya banda lake katika maonyesho ya kimataifa yaliyofanyika mjini humo mwaka ule. Habari za Guernica zilipomfikia, alianza kazi tarehe 1 Mei, na mapema mwezi wa Juni akaimaliza. Picha hiyo ina urefu wa karibu mita 3.5 kwenda juu na mita 7.8 kwenda upande. Rangi zake ni nyeusi, nyeupe na kijivu, kana kwamba ni karatasi ya gazeti. Ndani yake hamna ndege wala askari wa adui. Mna farasi anayelia kwa uchungu, mna fahali, mna nyumba iwakayo moto, na upande wa kushoto yupo mama aliyepakata maiti ya mtoto wake, kichwa amekiinua juu akipiga ukemi.

Je, picha hiyo ilizuia vita? La. Mwaka 1939 Jamhuri ya Hispania ilishindwa, na mwaka huo huo vita vikuu vya pili vya dunia vikaanza. Picha yenyewe ilikaa ugenini miaka mingi, hasa New York, kwa kuwa Picasso alikataa isirudishwe Hispania mpaka wananchi wake wapate uhuru wao. Ilirudi mwaka 1981, baada ya Picasso na Franco wote wawili kufariki. Lakini picha isiyoweza kuzuia vita yaweza kushuhudia. Tangu mwaka 1985 nakala yake iliyofumwa kwa nyuzi ilikuwa imetundikwa katika jumba la Umoja wa Mataifa huko New York. Mwezi wa Februari 2003, vita vya Irak vilipokuwa vikijadiliwa hapo, nakala hiyo ilifunikwa kwa pazia la buluu. Maofisa walieleza kuwa ilikuwa kwa ajili ya kamera za televisheni. Wengi hawakuridhika na maelezo hayo, wakaona kuwa picha ile bado ina sauti.

Msomaji na amtazame tena yule mtoto wa Picasso. Yeye ni maiti. Hasemi wala hatendi, ametendwa tu. Hivyo ndivyo watu wazima wenye huruma walivyozoea kumwonyesha mtoto katika habari za vita. Lakini siku zile zile watoto wenyewe walikuwa wakichora. Katika shule na makambi ya wakimbizi ya Hispania, walipewa karatasi na penseli wakachora walichokiona: ndege, mabomu, nyumba zilizobomoka, watu wakikimbia. Mwaka 1938 baadhi ya michoro hiyo ilitolewa kitabu huko New York, kikiwa na utangulizi wa mwandishi Aldous Huxley, ili kupata fedha za kuwasaidia watoto hao.

Miaka michache baadaye, katika mji wa Terezín, katika nchi ya Wacheki, Wanazi waliwafungia Wayahudi wengi pamoja na watoto wao. Miongoni mwa wafungwa alikuwamo mchoraji Friedl Dicker-Brandeis, ambaye aliwafundisha watoto kuchora, akawahimiza watie majina yao kwenye kazi zao. Mwezi wa Oktoba 1944 alipelekwa Auschwitz akauawa, na wengi wa wanafunzi wake waliuawa vilevile. Michoro zaidi ya 4,000 ilisalia, ikiwa imefichwa ndani ya masanduku mawili. Wauaji walikuwa wamewageuza watoto hao kuwa namba, na vikaratasi vile vikawarudishia majina.

Hata hivyo, kila mmoja wa watoto hao alichora peke yake, juu ya kipande chake cha karatasi. Hatua ya kuwaweka pamoja mbele ya kitambaa kimoja ilikuja mwaka 1995, vita vikuu vya pili vilipotimiza miaka 50 tangu kumalizika. Chama kimoja cha Kijapani, Art Japan Network, kilianzisha mradi ulioitwa Kids' Guernica, yaani Guernica ya Watoto. Si ajabu kuwa wazo hilo lilitoka Japani, nchi ambayo miji yake ya Hiroshima na Nagasaki iliangamizwa kwa mabomu ya atomiki mwaka 1945. Mchoro wa kwanza ulifanywa na watoto wa Tallahassee, Florida, katika Marekani, nchi iliyoyaangusha mabomu hayo. Baadaye kazi hiyo ilienea katika nchi nyingi, zikiwamo Kambodia, Sri Lanka na Nepal, ambazo zote zilionja uchungu wa vita vya ndani.

Sharti la mradi huo lilikuwa moja: kila turubai liwe na kipimo kile kile cha picha ya Picasso, mita 3.5 kwa mita 7.8. Asiyejua aweza kudhani kuwa hilo ni jambo dogo. Lakini kila mtunzi wa mashairi ajua kazi ya mizani. Mizani haimwambii mshairi aseme nini. Humpa kiwanja ambacho wenziwe pia wamekichezea, hata wa Lamu na wa Tanga waweze kujibizana. Ndivyo yalivyo maturubai hayo. Mtoto wa Kambodia na mtoto wa Florida hawana lugha moja, lakini wana kipimo kimoja, na yakitundikwa sambamba huonekana kama beti za shairi moja refu. Tena turubai lina faida ambayo ukuta hauna: hukunjwa, likasafiri, likatandazwa mbele ya watu wasiomjua aliyelichora.

Kipimo hicho kina siri nyingine. Eneo lake ni mita za mraba zipatazo 27, na mtoto mmoja hawezi kulijaza. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Watoto hawana budi kukaa, kuonyeshana michoro midogo, kubishana, kukubali na kukataa. Huyu ataka jua liwe katikati; yule ataka mti. Huyu amechora bunduki. Mwenzake asema bunduki haifai katika picha ya amani. Wa tatu ajibu kuwa amani haieleweki pasipo kusema ilivunjwaje. Hapo, kabla brashi haijaloweshwa, amani imekwisha kutendwa, kwa kuwa watu wenye nia mbalimbali wamepatana pasipo mmoja kumvunja mwenziwe. Picha itakayotokea ni ushahidi tu wa mapatano hayo. Katika utamaduni wetu jambo hili si geni: ngoma haichezwi na mtu mmoja, wala nyumba ya kijiji haiezekwi na mkono mmoja.

Hapa ndipo ilipo hatari ambayo walimu yawapasa kuifahamu. Ni rahisi kwa mtu mzima kuingia kati, akaagiza njiwa mweupe achorwe juu, bendera pembeni, na watoto walioshikana mikono chini, kisha akawaachia watoto kazi ya kujaza rangi. Picha hiyo itapendeza machoni pa mgeni rasmi, lakini watoto watakuwa wamejifunza utii tu. Watakuwa wamerudi pale pale alipo mtoto wa Picasso: watu wazima wanasema kwa ajili yao, nao kimya. Mtoto aliyeona njaa na aichore njaa. Mtoto aliyekimbia usiku na auchore usiku, hata kama mgeni rasmi angependa jua.

Kwa hiyo thamani ya michoro hii haipimwi kwa kuhesabu vita vilivyozuiwa. Kwa kipimo hicho hata Guernica yenyewe imeshindwa. Na ipimwe kwa maswali mawili ambayo mwalimu aweza kuyauliza mbele ya turubai lolote: nani aliamua kitakachochorwa, na waliokosana walipatanaje? Watoto wakiweza kuyajibu wenyewe, kwa maneno yao, basi kazi imefanyika, hata kama mistari imepinda na rangi zimechuruzika.